Barua kwa mwanangu: Nani alibadilisha jina?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Sisi hatujambo, ni goti la baba yako tu linalomsumbua akikaa muda mrefu. Unasema mwenzako kazini alikubana mbele ya watu: "Zamani mlituambia dunia inapata joto. Joto lilipokataa kupanda, mkabadilisha jina, sasa ni tabianchi. Kesho mtasema nini?" Watu wakacheka, ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza mimi kama kweli jina lilibadilishwa, na kama ongezeko la joto duniani na mabadiliko ya tabianchi ni kitu kimoja au viwili.

Ni viwili, na hakuna jina lililotupwa. Lakini ukimjibu hivyo tu atacheka tena, kwa hiyo nivumilie. Ualimu haumtoki mtu hata akistaafu.

Ongezeko la joto duniani ni jambo moja linalopimika: wastani wa joto la uso wa dunia, nchi kavu na baharini. Ukilinganisha miaka ya 1850 hadi 1900 na muongo wa 2011 hadi 2020, wastani huo umepanda kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi. Mabadiliko ya tabianchi ni ukoo mzima: joto lenyewe pamoja na yote linayoyazaa. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana dunia hiyohiyo inayokausha mashamba upande mmoja humwaga mvua ya wiki nzima kwa usiku mmoja upande mwingine. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini. Maji yakipata joto hutanuka, barafu ya nchi kavu nayo inayeyuka na kuongezea, na usawa wa bahari ukapanda kwa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018. Mtu akikwambia kwao mafuriko yamezidi, hakuambii habari ya joto, lakini anakuambia habari ya tabianchi. Na akikwambia mwaka huu kwao kulikuwa na baridi kali, hajapinga chochote, kwa kuwa wastani wa dunia haupimwi kwenye baraza ya mtu mmoja.

Kulikuwa na Seneta mmoja wa Marekani, James Inhofe, ambaye Februari 2015 aliingia bungeni na donge la theluji mkononi ili kuonyesha kwamba nje kuna baridi. Mwaka uliokuwa umetoka kumalizika, 2014, ndio uliokuwa wa joto zaidi katika kumbukumbu za vipimo hadi wakati huo. Donge lake lilikuwa la kweli kabisa. Alichopima nacho ndicho kilichokuwa kidogo mno.

Sasa tuje kwenye jina. Mwenzako anaamini "tabianchi" ilikuja baadaye kuficha aibu ya "joto". Mwaka 1956 mwanafizikia Gilbert Plass alichapisha makala kuhusu nadharia ya hewa ukaa (kaboni dioksidi) na mabadiliko ya tabianchi, na jina hilo la pili limo kwenye kichwa cha makala yenyewe. Mwaka 1975 Wallace Broecker akaandika katika jarida la Science makala ambayo kichwa chake kilikuwa na majina yote mawili: kilianza na mabadiliko ya tabianchi, kisha kikauliza kama tuko ukingoni mwa ongezeko kubwa la joto duniani. Na 1988 Umoja wa Mataifa ulipounda jopo la wanasayansi, uliliita Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Muulize kwa upole: kama jina lilibuniwa baada ya joto kukataa kupanda, limefikaje kwenye kibao cha mlangoni mwaka 1988?

Kilichotokea mwaka huo ni kwamba joto ndilo lililopata umaarufu. Tarehe 23 Juni 1988 James Hansen, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliiambia kamati ya Seneti kwamba dunia inapata joto na kwamba ana hakika kubwa haitokani na bahati tu. Kiangazi hicho Marekani ilikuwa inaungua kwa jua na ukame. Magazeti yakabeba "joto", watu wakalielewa, wataalamu wakaendelea na majina yao yote mawili kama kawaida.

Hata hivyo, mwanangu, usimwambie mwenzako kwamba hakuna mtu aliyewahi kutaka kubadilisha jina. Yupo. Mwaka 2002 Frank Luntz, mshauri wa lugha wa chama cha Republican cha Marekani, aliwaandikia wanasiasa wake waraka akiwashauri waseme mabadiliko ya tabianchi badala ya ongezeko la joto duniani, kwa sababu hilo la kwanza halitishi sana. Aliona mbali: neno "mabadiliko" ni pole, hata mtu kuhamia nyumba mpya ni mabadiliko. Kwa hiyo aliyesukuma jina kwa makusudi hakuwa mwanasayansi anayeficha aibu. Alikuwa upande wa wale waliotaka suala lipoe. Luntz mwenyewe alikuja kukiri mbele ya Maseneta mwaka 2019 kwamba alikosea. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu jikoni, baba yako akaja kuuliza kulikoni.

Na jina lina nguvu kweli. Watafiti watatu, Schuldt, Konrath na Schwarz, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio lao kwa Wamarekani. Swali lilikuwa moja, jina tu ndilo lililobadilishwa. Walioulizwa kuhusu ongezeko la joto duniani, asilimia 67.7 walikubali kwamba linatokea. Walioulizwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, asilimia 74.0. Waliojitambulisha kuwa wa Republican waliruka kutoka asilimia 44.0 hadi 60.2. Wa Democrat hawakutikisika. Kumbe mtu anaweza kukataa jambo kwa jina hili na kulipokea kwa jina lile, kama mtoto anayekataa dawa kwenye kijiko na kuimeza kwenye uji. Kabla yao, mwaka 2009, Lorraine Whitmarsh alikuwa ameonyesha huko kusini mwa Uingereza kwamba watu wakisikia "ongezeko la joto" huwaza joto, mkono wa binadamu na tundu la ozoni. Wakisikia "mabadiliko ya tabianchi" huwaza mambo mengi zaidi, lakini pia hupenda kuyaona kama ya asili tu.

Hapo kwenye asili pana utata wa haki, usiukimbie. Tabianchi imewahi kubadilika bila binadamu. Enzi za barafu zilikuja na kuondoka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu tabianchi unapotumia maneno haya humaanisha mabadiliko yanayotokana na shughuli za binadamu, juu ya yale ya asili. Jopo la wanasayansi hutumia maneno hayohayo kwa mabadiliko yoyote, yawe ya asili au ya binadamu. Vyombo viwili vya Umoja wa Mataifa, neno moja, maana mbili! Nisingewasamehe wanafunzi wangu kwa insha ya namna hiyo.

Ungamo langu nalo hili hapa, kwa vile umetaja kwamba hata wewe ulidhani joto linaingia kupitia tundu la ozoni. Nani alikufundisha? Mimi. Nilichora ubaoni, mwaka baada ya mwaka, dunia yenye mwavuli uliotoboka na mishale ya jua ikipita kwenye tundu. Mchoro ulikuwa mzuri, tena wa rangi. Ulikuwa wa uongo. Habari zilitufikia zimefungwa furushi moja: tundu la ozoni lilitangazwa 1985, Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuilinda ozoni, ikatiwa saini 1987, Hansen akatoa ushahidi wake 1988. Zote zilihusu anga, gesi na kosa la binadamu, tukazikoroga chungu kimoja. Ozoni huchuja miale ya jua inayounguza ngozi. Joto tunalozungumzia halitokani na jua kupata upenyo. Linatokana na joto la dunia kuchelewa kutoka. Hewa ukaa, ambayo hata jina lake lina undugu na makaa, huzuia sehemu ya joto linalopanda kurudi angani. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni huu: hewa ya chini inapata joto huku hewa ya juu sana ikipoa. Jua lingekuwa ndilo lililoongeza moto, zingepanda zote mbili. (Zile gesi za majokofu zilizotoboa ozoni nazo hushika joto, kwa hiyo habari hizi mbili zina mpaka wa pamoja, lakini mchoro wangu hauponi kwa hilo.)

Kwa Kiswahili tuna matatizo yetu wenyewe, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Utasikia "mabadiliko ya hali ya hewa" kila mahali, hata kwenye taarifa za habari. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: mawingu, upepo, mvua ya jioni. Hiyo hubadilika kila siku na haijawahi kuwa habari. Ukimwambia mzee hali ya hewa inabadilika atakujibu "imeanza lini kutulia?", naye atakuwa sahihi kwa maneno uliyompa. Tabianchi ni neno bora. Tabia ya mtu huijui kwa kumwona amenuna asubuhi moja. Unaijua kwa kuishi naye. Ndivyo wapimaji wanavyofanya, huchukua wastani wa miaka 30 ndipo waseme mahali fulani pana tabia gani. Wahenga walisema tabia ni ngozi, haibanduki. Hii yetu inabanduka, na hilo ndilo linalonitisha kuliko takwimu.

Lakini tabianchi nalo lina mwiba. Wengi husikia "nchi" wakafikiri serikali na mipaka. Nimewahi kuulizwa, na mtu mzima mwenye akili zake, ni nchi gani iliyobadilika tabia na kwa nini isiadhibiwe. "Nchi" humu ni ile ya "nchi kavu", ardhi na mazingira yake, maana ya zamani ambayo wengi hatuitumii tena peke yake. Kwa hiyo mimi nikiongea na mtu naanza na joto, kwa kuwa ndilo chanzo na halina fumbo, kisha namtajia mvua na bahari, na neno tabianchi nalileta mwisho, likiwa tayari lina kitu ndani yake.

Limebaki lile swali lake la kejeli, kesho mtasema nini. Mjibu tu kwamba kesho ilishafika: Mei 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliwaelekeza waandishi wake wapendelee "dharura ya tabianchi", tena likafanya hivyo hadharani, likaeleza sababu. Mimi sijalizoea. Dharura ni neno la kukimbilia ndoo, na mtu hawezi kukimbia na ndoo kwa miaka hamsini. Baba yako hakubaliani nami, anasema ndoo zenyewe bado ziko ukutani. Tumebishana tangu chakula cha jioni, na goti limesahaulika.

Niandikie alivyojibu mwenzako kuhusu 1988.

Mama yako