Rikta si mashine, na tetemeko moja la ardhi halina ukubwa wa namna mbili

Msomaji wa Kisauni anauliza: "Mwalimu, tuseme tetemeko la rikta sita, ama tetemeko la ukubwa wa sita kwenye mashine ya rikta?"

Hakuna hata moja, ndugu yangu. Sema tetemeko lenye ukubwa wa 6, basi, yatosha. Richter alikuwa mtu, Charles Richter wa California, na kipimo chake alikitoa 1935 kwa kuangalia mawimbi yaliyochorwa na saismografu, hiyo saismografu ndo mashine. Na kwa matetemeko makubwa wataalamu wameshakiacha hicho kipimo, siku hizi wanahesabu eneo la mwamba lililokatika, limeteleza kiasi gani na ugumu wa mwamba wenyewe. Kwa hivyo ile 7.8 ya Uturuki ya 2023 si rikta, jina la mzee wa watu limebandikwa tu.

Haya, rikta barazani naweza kuivumilia. Kinachonichoma ni watangazaji kuchanganya ukubwa na ukali, ati "Dar lilikuwa la ukubwa wa 6, huku Mombasa likawa na ukubwa mdogo." Mdogo vipi na tetemeko ni lilo hilo? Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lilitokea moja baharini upande wa Tanzania, la ukubwa wa karibu 6, na hata huku Mombasa watu walilihisi. Ukubwa wake ni mmoja tu, uwe Dar, uwe Likoni, uwe Nairobi, kwa sababu ni nguvu iliyotoka pale chini mwamba ulipokatika. Kilichotofautiana ni ukali, yaani vile watu walivyotikiswa na nyumba zilivyoumia, na huo una kipimo chake kabisa cha Mercalli, kuanzia 1 mpaka 12, unategemea umbali, kina, na aina ya udongo uliojengea. Ngoma ikipigwa Majengo ni ngoma moja, lakini wa nyumba ya pili hatalala na wa Likoni hatajua kitu, sasa utasema zilikuwa ngoma mbili?

Halafu kuna lile "limezidi kwa pointi moja tu." Hilo "tu" liondoeni jamani! Kutoka 5 kwenda 6 mawimbi kwenye mchoro yanakua mara 10 na nishati inakuwa kama mara 32. Bukoba mwaka 2016 lilikuwa la 5.9 na watu walikufa, maanake halikuwa mbali na mji. Hebu fikiria pale pale lije la 6.9.

Neno lenyewe halina shida, tetemeko ni la kutetemeka, na wazee wetu wakisema zilizala, la Kiarabu hilo, wala hawajakosea.

Sasa wewe wa Kisauni andika hivi: "Tetemeko lenye ukubwa wa 6 limetokea baharini, ukali wake Mombasa ulikuwa mdogo." Na huyo mtangazaji wako msomee.