Hamu ya kupiga ikianza kukata: kwa wawindaji wenzangu mliovuka arobaini

Kuna swali naulizwa sana na wawindaji wenzangu, na wengi wanauliza kwa kunong'ona tukiwa wawili tu, eti kaka mbona siku hizi nikimuona mnyama kwenye darubini kidole kinakuwa kizito, ndo uzee au nimerogwa? Hujarogwa. Mi nawinda kwa leseni ya wenyeji tangu ujana kwenye mapori ya huku Tabora, na karibu kila mzee niliyetembea naye amepitia hiyo hali, wengine wakiwa na arobaini wengine mpaka sitini, ila hakuna anayekukalisha chini akakwambia mapema.

Ujanani kila mtu anajua inavyokuwa. Usiku wa kuamkia safari usingizi hauji, Julai msimu ukifunguliwa unataka uwe wa kwanza kuingia, leseni ikiandikwa wanyama watatu ukirudi na wawili unajiona umepunjwa, na hata kanga wakitua barabarani mkono unawasha. Ukirudi kijijini swali ni moja tu, wangapi? Hakuna anayeuliza walikufaje.

Wamarekani hili jambo wamelichunguza kabisa. Miaka ya 1970 kule Wisconsin wasomi wawili, Robert Jackson na Robert Norton, waliwahoji wawindaji wa bata na wa kulungu, wakaona mtu anapita hatua: kwanza raha ni kufyatua, baadae raha ni kumaliza idadi aliyoruhusiwa, halafu anataka dume lenye pembe kubwa, halafu anaanza kujali namna ya kuwinda, mwisho anatulia, kuwa porini tu kunamtosha. Mi nakubaliana nao kasoro hapo kwenye pembe. Sisi wenyeji hiyo hatua wengi tunairuka maana pembe hailiwi, kwetu tunakaa kwenye idadi miaka na miaka kwa sababu ya nyama, ndo maana mabadiliko yakija yanakuja ghafla na yanamshtua mtu.

Na mara nyingi yanaanzia kwenye kisu. Mnajua tunavyofanya, mnyama akianguka mwenye kisu anatimua mbio, bismillah, maana akifa kabla hajachinjwa nusu ya mtaa hawagusi ile nyama. Ukiwa kijana hizo ni mbio tu, unatafuta shingo, unamaliza, unapangusa kisu kwenye majani unaita wenzako. Ukishakuwa mtu mzima unaanza kuyaona yale mengine. Umeshika pembe ya swala pala unasikia anavyotetemeka mpaka kwenye kiganja, manyoya ya shingoni ya moto, puani povu lina damu, na lile jicho linakuangalia wewe uliyeinama, halimuangalii aliyepiga. Nimeona mtu mzima, mchinjaji wetu wa siku zote, anamaliza kazi halafu anaenda kukaa mbali na gari, hataki hata chai. Hakuna aliyemcheka, ila pia hakuna aliyemuuliza kitu, na hapo ndo tunapokosea sisi wanaume.

Sasa nisiwafiche, si kila kitu hapo ni huruma. Kuanzia kwenye arobaini na kitu macho yanaanza kushindwa kuona vya karibu, na kama unatumia bunduki isiyo na darubini ile alama ya nyuma ya kulengea inakuwa ukungu mtupu, wewe unasema moyo umekuwa laini kumbe jicho linakwambia usipige utajeruhi. Kapime macho kwanza. Halafu nenda sehemu inayoruhusiwa kulenga shabaha, weka karatasi saizi ya kisosi, anza karibu uwe unarudi nyuma, pale unapoanza kukosa ndo mwisho wako, usimpige mnyama aliye mbali zaidi ya hapo hata wenzako wakipiga kelele namna gani. Kuna wazee waliofanya hivyo tu wakafunga darubini kwenye bunduki na ule uzito ukaisha. Kuna wengine haukuisha, basi hao ni huruma kweli.

Kama ni huruma, ushauri wangu ni mmoja, usipige kwa moyo nusunusu. Ukisita halafu ukavuta, risasi inaenda tumboni, na wa tumboni mtamfuata mpaka jua linazama na pengine fisi ndo atamkuta. Kama ni nyati ndo usiseme, huyo akijeruhiwa anaweza kukata kona akawasubiri kwenye kichaka kinene mnaokuja na nyayo zake. Shusha bunduki, sema leo sipigi, mwingine atapiga. Leseni inakuruhusu, haikulazimishi.

Ila tatizo kubwa huku kwetu wala sio moyo, ni sufuria. Mtu ameondoka na mtaa mzima unajua, shemeji anasubiri paja, aliyeazimisha gari anasubiri lake, na wengine walishachangia dizeli kwa ahadi ya kitoweo. Utamwambia nani kwamba ulimuangalia kongoni robo saa ukamuacha aende? Kwa hiyo ukianza kuisikia hii hali acha kabisa kuchukua michango ya watu, nenda kwa mfuko wako hata kama ni safari fupi, na nyumbani waage kwamba unaenda kutembea, nyama ikipatikana ni bahati. Mke wangu alinuna mwanzoni, siku hizi anapitia buchani kabla sijarudi, haongei.

Na vijana waacheni. Kuna wazee wakishapoa wanataka na kijana wa miaka ishirini na tano apoe nao, wanamhubiria njia nzima, safari inakuwa msiba. Hamu yake ni ya umri wake. Mfundishe kutofyatulia kundi, mfundishe kuacha jike lenye mtoto (sheria yenyewe inakataza), mfundishe kumfuata aliyejeruhiwa hata kama amechoka, inatosha.

Pia kupoa sio lazima uache moja kwa moja. Jim Corbett, yule aliyewinda chui na simbamarara wala watu kule India, alishahamia kwenye kamera lakini mwaka 1938, ana miaka 63, bado alimpiga simbamarara aliyekuwa anamaliza watu. Baadae akahamia Nyeri, akafia hukohuko 1955, kaburi lipo. Wenzetu Kenya kwa ujumla hawakupewa nafasi ya kupoa polepole, serikali ilipiga marufuku uwindaji 1977 na mtu aliyekuwa na hamu alibaki nayo hivyohivyo.

Kitu cha mwisho ni bunduki yenyewe. Ukiamua basi, usimkabidhi mtoto wala mpwa eti aendeleze, leseni ya silaha ni ya jina lako, akikamatwa nayo mmeingia kesi wote wawili. Nenda polisi ukaulize utaratibu wa kuihamisha au kuirudisha, na uende na makaratasi yote na risasi zilizobaki, maana zitaulizwa.