Kabla Hujailaumu Mathenge, Chimba Shimo

Ukitumwa nyanda za chini za Baringo, Kenya, kuhesabu mimea, kabla hujashuka garini utakuwa umeshaambiwa kwamba mathenge, mti wa kigeni wenye miiba (Prosopis juliflora), imemaliza nyasi. Si uongo. Kati ya mwaka 1988 na 2016, eneo lililofunikwa na mathenge huko lilitoka chini ya hekta 1,000 hadi karibu 19,000, na nyika ya nyasi ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini ukianza kazi ukiwa na mshtakiwa tayari, utakusanya ushahidi wa kumfunga tu, na udongo utakuwa hujauuliza hata swali moja.

Mti huu asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Kenya ulipandwa Bamburi mwaka 1973, kwenye machimbo yaliyoachwa wazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo ili watu wapate kuni na ardhi ipate kivuli. Ulichaguliwa kwa sababu unavumilia ukame, chumvi na udongo wa magadi. Ndiyo maana wengi husema mathenge ni mti wa ardhi mbovu. Tembea uone. Vichaka vinene visivyopitika viko kwenye udongo ulioletwa na mito kama Perkerra na Molo, kando ya mifereji na karibu na ziwa, mahali mizizi inapofikia maji. Ukikwea miteremko ya mawe, unaanza kuhesabu mti mmojammoja. Kuvumilia ardhi mbovu si kuipenda.

Kwa hiyo, kabla ya kulaza chini fremu yako, ule mraba wa kuhesabia mimea, chimba. Keekee ya udongo, chombo cha kutobolea ardhi, ni nzito na jua la Marigat halina huruma, lakini mashimo machache mazuri yatakufaa kuliko fremu nyingi ulizozihesabu mbiombio. Lowesha udongo kidogo, uvingirishe, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoa utepe mrefu usiokatika, huo ni mfinyanzi. Ukimeguka na kukwaruza, una mchanga. Tone la asidi hafifu likitoa povu, kuna chokaa. Angalia pia uso wa ardhi. Mahali palipokanyagwa na mifugo miaka mingi hufanya ganda gumu: mvua ikinyesha, maji hukimbia na kubeba mbegu za nyasi. Utakuta uwanja wa namna hiyo hauna nyasi na hauna mathenge hata moja. Hapo unamlaumu nani?

Sasa nije kwenye jambo linalowatatiza wageni kuliko yote. Mathenge ni jamii ya kunde. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaofunga nitrojeni, na majani yake huanguka yakaoza papo hapo. Ukipima udongo chini ya mti na ule wa mita kumi nje ya kivuli, wa chini ya mti mara nyingi utakuwa na mboji na nitrojeni zaidi. Mmoja ataandika kwamba mti umerutubisha ardhi. Mwingine, kwa takwimu zilezile, ataandika kwamba mti huota penye rutuba. Nawe utatetea upi?

Njia ninayoiamini ni kushuka chini zaidi. Mti unaweza kuongeza mboji na nitrojeni juu, lakini haugeuzi mchanga kuwa mfinyanzi. Linganisha umbile la udongo kwenye kina cha sentimita 50 na kuendelea. Likiwa sawa ndani na nje ya kivuli, na tofauti ya rutuba iko juu tu, una sababu nzuri ya kusema ni kazi ya mti. Likitofautiana hata huko chini, pale palikuwa na udongo tofauti kabla mathenge haijafika. Pima na chini ya mgunga wa ukubwa uleule, kwa kuwa nao ni jamii ya kunde, una kivuli, na mbuzi hulala chini yake. Bila mgunga utaisifu au kuilaumu mathenge kwa mambo ambayo mti wowote wa jamii hiyo ungeyafanya.

Kinyesi nacho kiandike. Mbuzi hupenda maganda ya mathenge kwa sababu ni matamu, na mbegu hupita tumboni zikatoka zikiwa tayari kuota. (Utamu huohuo huozesha meno: mwaka 2006 wakazi walipoishtaki serikali, mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani.) Boma la zamani huwa na samadi kwa miaka mingi baada ya watu kuhama, tena ndipo mifugo ilipolala na kuacha mbegu. Fremu ikiangukia hapo bila wewe kujua, jedwali lako litakudanganya vizuri sana.

Nani atakuonyesha boma lilikuwa wapi? Wazee. Salimu, kaa, usitoe daftari kwanza. Usimuulize mzee kulikuwa na spishi ngapi. Muulize ng'ombe walikuwa wakila nini hapa miezi ya kiangazi, na maji ya mafuriko yalikuwa yakifika wapi. Akina mama wanaotafuta kuni watakuambia mti wa mswaki uliisha upande gani kwanza. Na usiingie ukitangaza kwamba mathenge ing'olewe yote, maana kuna nyumba zinazolipa karo kwa makaa yake.

Kwenye viwanja vilivyokwisha kusafishwa, kagua visiki. Mti uliokatwa juu ya ardhi hutoa machipukizi mengi. Lazima ukatwe chini ya uso wa udongo. Hata ukifa, rutuba uliyoiacha hubaki pamoja na mbegu zake, na vitakavyowahi mvua ya kwanza huenda vikawa magugu na miche ya mathenge yenyewe. Basi usihesabu mara moja ukaondoka. Hesabu mvua ndefu zikishashika, rudi mwisho wa kiangazi, halafu mwaka unaofuata tena, fremu palepale. Vaa viatu vya soli nene na beba gurudumu la akiba zaidi ya moja. Miiba ile hupenya vyote viwili.