Kisanduku Kilichofungiwa Ndani: Ushauri kwa Miji Inayopokea Fedha za Fidia ya Opioidi

Opioidi ni dawa za jamii ya afyuni, kuanzia vidonge vya maumivu hadi heroini, na kampuni zilizouza vidonge hivyo sasa zinalipa fidia kwa majimbo na miji ya Marekani. Kitu cha kwanza ambacho mji wetu hapa Massachusetts ulikinunua kwa fedha za fidia hiyo kilikuwa kisanduku cha chuma kilichotundikwa ukutani ndani ya ofisi za mji, kando ya dirisha la kulipia kodi ya magari. Ndani yake mlikuwa na naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini au fentanili, opioidi kali inayotengenezwa maabara. Tulipiga picha mbele yake, tukapeana mikono, tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika. Ofisi hizo hufungwa saa kumi na nusu jioni, na Ijumaa hufungwa adhuhuri. Ilipita miezi kadhaa kabla ya mama mmoja, aliyekuja kikaoni kutoa maoni, kutuuliza kama kuna miongoni mwetu aliyewahi kumwona mtu akizidiwa na dawa saa nne asubuhi mbele ya dirisha la kodi. Mwanawe alikuwa amefariki usiku wa Jumamosi. Hatukuwa na jibu, na wiki iliyofuata kisanduku kilihamishiwa nje, karibu na kituo cha basi.

Niliingia katika kamati ya mji inayopanga matumizi ya fedha hizo kwa njia ya mlango wa nyuma. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee, mzaliwa wa Dar es Salaam, na nilialikwa kwa sababu mji ulitaka mtu wa kuzungumza na familia za Waswahili, ambao kwetu wengi wao wametoka Kongo na Burundi. Nilikaa miaka mitatu. Ninayoyaandika hapa nimeyapata humo, na ninayaandika kwa sababu watu wetu katika miji mingine ya Marekani wameanza kualikwa katika kamati za namna hii, nao huniuliza waseme nini wakifika.

Kwanza ni vizuri kuijua fedha yenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni kidonge cha maumivu cha OxyContin, kikatangazwa kwa madaktari kana kwamba hatari ya uraibu ni ndogo mno, na uraibu ulioanzia kwenye vidonge ukahamia kwenye heroini na kisha fentanili. Majimbo na miji ilizishtaki kampuni zilizotengeneza, zilizosambaza na zilizouza vidonge hivyo. Makubaliano makubwa ya kwanza yalitangazwa Julai 2021: wasambazaji watatu, yaani McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na Johnson & Johnson, walikubali kulipa hadi dola bilioni 26, na sehemu ya wasambazaji, bilioni 21, inalipwa kidogo kidogo kwa miaka 18. Baadaye yalifuata makubaliano na maduka ya dawa kama CVS, Walgreens na Walmart, na jumla ya makubaliano yote sasa imepita dola bilioni 50. Katika makubaliano yale ya 2021 angalau asilimia 85 ya fedha lazima itumike kupunguza madhara ya opioidi. Kwa Massachusetts, asilimia 40 ya fedha za makubaliano yale inakwenda moja kwa moja kwenye miji na asilimia 60 inaingia katika mfuko wa jimbo.

Mtu akisikia mabilioni hayo hudhani mji wake umeokota embe chini ya mnazi. Kwetu, malipo ya mwaka mmoja hayakutosha kumlipa mwalimu mmoja mshahara na bima yake. Isitoshe, hayaji kwa kiwango kilekile kila mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja huwa neema na unaofuata huwa ukame. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msikubali fedha hizi zitumike kulipia jambo ambalo mji ulikuwa tayari unalilipia. Masharti ya Massachusetts yanasema waziwazi kwamba fedha hii iongezee huduma zilizopo, isichukue nafasi yake, lakini katika kikao cha bajeti kinachoendelea hadi saa nne usiku mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kulisahau sharti hilo. Wazee wa kamati walitukumbusha fidia ya kampuni za sigara ya mwaka 1998, ambapo majimbo 46 yaliahidiwa zaidi ya dola bilioni 200 na sehemu kubwa ikaishia kuziba matundu ya bajeti, huku kuzuia uvutaji kukipata makombo. Kwa fidia hii ya opioidi pia, iko miji iliyonunua magari ya polisi na magereza yaliyonunua mashine za kumulika miili ya wafungwa. Polisi wanaweza kuwa wanayahitaji magari hayo, lakini walikuwa wanayanunua kabla ya fidia.

Ushauri wa pili, ambao kwangu ndio wenye uzito kuliko yote, ni kutafuta mahali ambapo bima inaishia na kuiweka fedha hapo. Kwa watu wengi wenye kipato kidogo katika jimbo hili, bima ya jimbo, MassHealth, hulipia methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa opioidi, hulipia siku za kituo cha kuondolea arosto, yaani maumivu ya kuacha dawa, na mara nyingi hulipia hata usafiri wa kwenda kliniki. Haimlipii mtu kodi ya chumba. Nilipoanza sikuijua tofauti hiyo, nikaijua siku nilipomkuta kijana mmoja amekaa kwenye benchi nje ya maktaba, mifuko miwili mieusi ya takataka ikiwa miguuni pake, bado amevaa mkononi utepe wa plastiki wa hospitali. Alikuwa ametolewa kituoni asubuhi ile, siku ya sita, mwili ukiwa safi na arosto imekwisha. Soba hausi, yaani nyumba wanamoishi pamoja watu wanaoacha dawa, iliyokuwa tayari kumpokea ilitaka kodi ya wiki mbili mbele, zaidi ya dola 200 kwa wiki, naye alikuwa na dola 31. Alizihesabu mbele yangu. Mtu wa aina hiyo yuko katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa kabla ya kuingia kituoni, kwa sababu mwili wake umeshasahau kuizoea dawa, na kiwango kilekile alichokuwa akikitumia mwezi uliopita kinaweza kumuua.

Tulipolipeleka jambo hilo kwenye kamati, mjumbe mmoja alisema kwamba kulipa kodi ya watu si kazi ya mji. Tulibishana vikao viwili. Mwishowe tukatenga sehemu ya fedha kwa ajili ya wiki nne za kwanza katika soba hausi, kwa masharti mawili: nyumba iwe na cheti kinachotambuliwa na jimbo, na isimkatae mtu kwa sababu anatumia methadoni au buprenofini. Sharti la pili lilizua maneno kuliko la kwanza. Bado wako wengi, na baadhi yao ni watu wema sana wa makanisani na misikitini, wanaoamini kwamba anayekunywa methadoni amebadilisha tu ulevi mmoja kwa mwingine. Ushahidi unasema kinyume: dawa hizi mbili hupunguza vifo vya waraibu wa opioidi kwa takriban nusu, na ni vitu vichache katika tiba ya uraibu vinavyoweza kujigamba hivyo.

Mimi binafsi sikuhitaji kushawishiwa na takwimu. Kliniki ya kwanza ya methadoni ya serikali Tanzania Bara ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na baadaye ikafuata ya Mwananyamala, ambako dada yangu alikuwa akimsindikiza mwanawe kila siku alfajiri. Waliokuwa wakienda maskani kuwatafuta mateja, kuwashawishi na kuwaleta kliniki, wengi wao walikuwa watu waliowahi kuutumia unga, yaani heroini, wao wenyewe, wanaojua arosto ikishika mtu huhitaji nini na husema uongo gani. Nilipowaeleza wenzangu wa kamati jambo hili, walidhani ninawasimulia habari za mbali. Hata hivyo, mtu wa kwanza tuliyemwajiri kwa fedha za fidia alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miaka tisa ya uponaji, yaani tangu aache dawa, na kazi yake ni kuwafuata waliozidiwa na dawa wakaokolewa na gari la wagonjwa, ndani ya siku mbili, nyumbani kwao, bila sare. Wengine humfungia mlango. Humwachia mtu kadi na naloksoni mlangoni, kisha hurudi wiki ijayo. Kama mji wenu una fedha ya jambo moja tu, ajirini mtu kama huyo, na msimpe mkataba wa miezi sita, kwa maana kazi yake ni kuaminika, na kuaminika hakuwezi kuharakishwa na mhasibu.

Kuhusu kinga kwa vijana nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko kila mtu anakotaka kuanzia. Mwaka wetu wa kwanza tulimlipa msemaji mmoja mwenye sauti nzuri aje ukumbini kuwaogopesha wanafunzi kwa dakika hamsini. Waliogopa mpaka saa ya chakula cha mchana. Utafiti wa miaka mingi juu ya mpango wa zamani wa D.A.R.E., ule wa polisi kwenda madarasani, ulionyesha kwamba haukuwa na athari ya kudumu katika matumizi ya dawa, na mikutano ya kutisha haina rekodi bora. Kinachosaidia ni masomo yanayorudiwa kwa miaka, ya kumfundisha mtoto kukataa, kutuliza hasira na kuomba msaada, pamoja na mtu mzima anayepatikana shuleni baada ya kengele ya mwisho. Na kama mnataka kujua ni watoto gani waanze, ulizeni mabibi. Katika mji wetu wako mabibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa kwa dawa au wako gerezani, na mmoja wao alituambia kwamba alichohitaji ni mtu wa kumpeleka mjukuu mazoezi ya mpira siku ya Jumanne, ili yeye aweze kwenda kwenye kikundi cha wafiwa. Ombi lile tulilitimiza kwa kadi za mafuta ya gari. Sijaona matumizi mengine yaliyokuwa nafuu kuliko hayo.

Gereza nalo lisisahauliwe. Utafiti mmoja uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiliwa, hatari ya mfungwa kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine. Mji mdogo hauna gereza lake, lakini unaweza kuzungumza na gereza la kaunti ili ujue nani anatoka lini, na kumtuma mtu akampokee getini akiwa na gari, naloksoni na miadi ya kliniki ya siku ileile.

Sasa nifike kwa watu wetu. Kamati ilipochapisha vipeperushi kwa Kiswahili, mtu fulani alivipitisha kwenye programu ya kutafsiri bila kumwonyesha Mswahili yeyote. Soba hausi ikawa “nyumba yenye kiasi,” na yule tuliyemwajiri kuwafuata watu nyumbani, msindikizaji wetu wa uponaji, akawa “kocha wa urejeshaji.” Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliniuliza kwa upole, “Mama, huyu kocha ni wa mupira?” Tulicheka, lakini vipeperushi elfu moja vilitupwa. Baadaye nilikaa na mama wanne na imamu mmoja, tukaandika karatasi moja yenye mambo matatu tu: jinsi ya kutambua mtu aliyezidiwa na dawa (pumzi zake huwa kama za mtu anayekoroma na midomo hubadilika rangi); jinsi ya kupuliza naloksoni na kupiga 911, namba ya dharura; na kwamba sheria ya Massachusetts ya mwaka 2012 humkinga anayeomba msaada asishtakiwe kwa kosa la kumiliki dawa. Jambo la tatu ndilo lililowafanya watu waichukue karatasi. Katika familia zetu ambazo bado zinangoja vibali vya uhamiaji, kumwita polisi nyumbani ni uamuzi mzito, na kinga hiyo si ya kila jambo, kwa hiyo ni vyema mwanasheria wa uhamiaji alipwe saa chache aje aeleze mipaka yake ana kwa ana, badala ya kuwaacha watu wabahatishe.

Mwisho ni habari ya mahesabu, ambayo inachosha lakini ndimo fedha hupotelea. Ombeni fedha iwekwe katika mfuko wake maalumu, isichanganywe na mfuko mkuu wa mji. Ombeni ripoti ya kila robo mwaka inayosema kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimemfikia nani. Viti viwili vya kamati viwe vya watu walio katika uponaji na kimoja cha mfiwa, na walipwe posho, maana wengine wote mezani wako hapo kwa saa za kazi zao. Vikao viwe jioni, mahali penye basi, na pawe na mtu wa kuangalia watoto. Yule mama aliyetuuliza swali la kisanduku alifika siku ile kwa sababu tu kikao kilikuwa kimeahirishwa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku kutokana na theluji. Sasa ana kiti kwenye kamati, na kila Jumatatu akitoka kazini hupita kituo cha basi kuhesabu dawa zilizobaki.