Sensa ya shilingi 35,000 iliyonila laki nne

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia. Gari lake linakula mafuta kama lori, linatoa moshi mweusi, na likishapata moto ukalizima kidogo sheli, kuliwasha tena ni kazi. Fundi kamwambia anunue nozeli nne, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini. Dada, usinunue! Hiyo ni hadithi yangu mwenyewe, hata hizo nozeli zimo.

Mwaka jana Corolla yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nikampelekea fundi niliyemwamini miaka sita. Tukaanza na plagi, tukaja koili, nozeli zikasafishwa, mwisho pampu ya mafuta. Kila tulichobadilisha kilileta nafuu ya siku mbili, au labda ilikuwa nafuu ya moyo tu baada ya kulipa. Nilipomuuliza kuhusu sensa ya joto la maji alicheka mbele ya vijana wake: "Bosi, ingekuwa sensa taa ya injini si ingewaka?" Nikanyamaza. Laki nne zilikuwa zimeshakwenda.

Ikabidi nijifundishe. Nikanunua kidude cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kikasoma kompyuta yake na kukuonyesha kwenye simu, na alfajiri moja, gari likiwa limelala usiku kucha, nikawasha swichi bila kupiga stata. Hewa inayoingia kwenye injini: nyuzi 28. Maji ya injini: nyuzi 4. Nyuzi nne, Tabata, Dar es Salaam! Hata Makete kwenye baridi ya milimani siku hiyo sijui kama walifika huko.

Gari lililolala usiku kucha, namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, iliamini injini ina baridi kali, ikawa inamimina mafuta. Taa haikuwaka kwa sababu nyuzi 4 ni jibu linalowezekana. Waya ungekatika kabisa ingesoma kama 40 chini ya sifuri na taa ingewaka. Sensa ilikuwa inadanganya kistaarabu.

Nikaichomoa soketi, nikaweka multimeta kwenye miguu miwili ya sensa yenyewe. Hizi sensa, joto likipanda ukinzani wake wa umeme unashuka: kwa Toyota nyingi ni kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Asubuhi ya Dar nilitegemea chini ya 2,000. Nikapata 4,900. Sikuridhika, nikaifungua, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka jikoni. Mke wangu akauliza kama ndiyo supu ya leo. Mita ikagoma kushuka chini ya 700.

Sensa mpya, 35,000 Kariakoo. Moshi ukakata siku hiyo hiyo. Leo nikipita pale gereji yule bwana anajifanya yuko uvunguni mwa gari.

Sasa nisikilizeni nyie mnaopenda kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Pima asubuhi, kabla ya stata. Narudia, asubuhi. Ukipima gari likiwa linatembea na fundi wako alishatoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kupoa kabla injini haijapata moto, kwa ile imani kwamba nchi ya joto haiihitaji, maji yatakuwa ya baridi kweli na utailaumu sensa bure. Injini iliyolala haina kisingizio hicho. Na usifungue sensa wala rejeta injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza. Na usiseme "nitavumilia tu": magari mengine feni inategemea sensa hiyo hiyo, ikisema maji ni ya baridi feni haiwaki, utakaanga silinda hedi kwenye foleni ya Ubungo. Pima kwanza, nunua baadaye. Mkipigwa tena msinililie.

Dada wa Morogoro, kesho alfajiri nitumie namba mbili tu: hewa na maji. Hizo nozeli mwambie fundi aziache huko huko dukani.