Jibu: kodi ya mshahara (IPR), tarehe 15, na mwenzako anayekatwa kidogo

Jambo ndugu. Unauliza kama ni wewe wa kwenda DGI, ofisi ya kodi ya serikali hapa Kongo, kulipa kodi ya mshahara kabla ya tarehe 15, na sababu gani mwenzako wa mshahara sawa anakatwa kidogo.

Kwenda, hapana. Anayetangaza na kulipa kodi hiyo ni mwajiri: mshahara wa mwezi huu, mwisho ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, faini ni yake, asikutishe nayo.

Tofauti ndiyo ya kufuata. Angalia kwanza fishi yako ya mshahara: wategemezi wameandikwa wangapi? Mwaka 2021 hapa Lubumbashi, yangu ilikuwa na sifuri, na nina mke na watoto wanne! Wakati huo kila mtegemezi alipunguza kodi kwa 2%, mwisho watu 9. Kodi yangu 60.000 FC ilipaswa kuwa 54.000. Nilipeleka kwa mwajiri cheti cha ndoa na vya kuzaliwa, fotokopi tu, nikasainiwa nakala yangu. Mwezi uliofuata walirekebisha. Ya nyuma sikurudishiwa hata franka. Usingoje kama mimi.

Mimi ni mtu wa mshahara tu. Kama una nyumba ya kupangisha, hiyo ni kodi nyingine, ya jimbo.