Kabla hujakimbilia plagi: kwa fundi mpya anayeletewa gari linalotetemeka

Wadogo zangu mnaoanza gereji, gari likija linatetemeka likiwa limesimama, msikimbilie dukani. Mimi nilikimbia. Ilikuwa Jinja, mwaka wangu wa pili wa kushika spana, mwalimu mmoja akaleta Corolla yake ya miaka ya 1990, ile ambayo Uganda nzima inaiita Kikumi. Akikwama kwenye foleni usukani unamtikisa mikono na injini inataka kuzima, akikanyaga mafuta inatulia. Nikamwambia kwa ujasiri wote, "Mwalimu, hizo ni plagi."

Tukabadilisha plagi. Halafu waya za plagi. Halafu kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi umeme, na rota yake. Siku ya nne gari lilikuwa linatetemeka vilevile, ila sasa lina vipuri vipya. Mzee aliyekuwa akitufundisha kazi akainama chini ya boneti, akafuata kwa kidole mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, kwenda kwenye sensa iliyofungwa ukutani nyuma ya injini. Akaubinua. Upande wa chini, pale unapovaa sensa, ulikuwa umepasuka ufa wa urefu wa ukucha. Akakata ile ncha kwa wembe, akausukuma tena mahali pake, na injini ikatulia hapohapo. Akaniuliza mwalimu ameshatumia pesa ngapi. Sikujibu.

Mpira ule hupeleka vakyumu, yaani mvuto wa injini, kwenye sensa, na kwa sensa hiyo kompyuta ya gari hukadiria injini imevuta hewa kiasi gani. Ufa ukiingiza hewa ya nje, vakyumu inayofika kwenye sensa inapungua, kompyuta inadhani injini imebebeshwa mzigo, nayo inazidisha petroli. Dalili zote nilikuwa nazo mkononi. Zile plagi nilizozitoa zilikuwa na masizi makavu meusi, na ekzosi ilinuka petroli. Mimi nilizitupa bila kuzitazama. Plagi ya zamani itazame kwanza: masizi makavu ni petroli nyingi, mafuta mabichi ya injini ni ringi za pistoni au sili za valvu, weupe wa chokaa ni hewa nyingi kuliko petroli, na rangi ya kahawia hafifu maana yake silinda hiyo iko salama.

Neno moja kabla sijaendelea. Mafundi waliotoka Tanzania huita mwendo huu wa injini bila kukanyagwa mafuta "sailensi", nami nimelichukua kwa kuwa ni fupi. Msilichanganye na sailensa ya ekzosi. Kwenye injini kama ya Kikumi, ikishapata moto, sailensi inatakiwa kuwa mizunguko kati ya 700 na 800 kwa dakika.

Sasa, swali la kwanza: je, ni injini inayotetemeka, au ni gari? Nenda nyuma, weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi bila kuugusa. Kama moshi unapiga kwa mapigo sawasawa, injini iko sawa na kinachokusumbua ni maunti zake zilizokufa, ile mipira inayoishikilia injini kwenye bodi. Gari la gia otomatiki litakuambia upesi zaidi: kwenye N limetulia, ukiweka D huku umekanyaga breki, dashibodi inaimba. Fungua boneti, mwenzio abadilishe kutoka D kwenda R na mguu ukiwa kwenye breki, nawe usimame pembeni, si mbele ya gari. Injini ikiruka kama mbuzi, umeshapata jibu. Kwa barabara zetu za murramu, maunti hufa mapema.

Kama mapigo ya ekzosi yanakatika, injini inamisi, yaani kuna silinda isiyowaka. Hapo kazi yako ni kujua silinda ipi, na hapo ndipo vijana wengi wanaruka hatua. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja inayopuliza petroli, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Silinda iliyo salama ukiichomolea, injini inayumba. Ile ambayo ukiichomolea hakibadiliki kitu, ndiyo iliyolala. Zamani tulikuwa tunachomoa waya wa plagi wenyewe. Acheni. Utapigwa shoti, na petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ikiwa gari bado linayo.

Umeijua silinda? Hamisha. Plagi ya namba mbili ipeleke namba tatu, kisha rudia lile jaribio. Ugonjwa ukihama na plagi, nunua plagi. Usipohama, hamisha waya, ikiwa waya ni mrefu wa kutosha. Ukichomoa waya chungulia shimo la plagi: injini hizi huvujisha mafuta kwenye sili za mashimo ya plagi, mpira wa waya unalowa, cheche inatorokea pembeni. Plagi mpya ukiitumbukiza kwenye dimbwi hilo umetupa pesa.

Hewa inayovuja hutafutwa kwa masikio kwanza, maana inapiga mluzi mwembamba. Kuna wanaopulizia petroli au dawa ya kabureta kwenye manifoldi na kusikiliza kama sauti inabadilika. Inafanya kazi, lakini nimeona boneti ikishika moto. Mimi hutumia maji kwenye chupa ya kupulizia, nikiyaweka mbali na distributa. Na mjue jambo ambalo huwachanganya wengi: gari lenye sensa ya vakyumu kama Kikumi, likivuja hewa kwenye manifoldi yenyewe, si kwenye mpira wa sensa, mara nyingi hupandisha sailensi badala ya kutetemeka. Lile linalopima hewa kwenye bomba baada ya kisafisha hewa ndilo hutetemeka, kwa sababu hewa iliyoingilia pembeni haikuhesabiwa.

Magari ya aina ya Kikumi hayakubali mashine za kisasa za kusoma kodi za hitilafu, lakini yenyewe yanasema. Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha kwa waya mfupi TE1 na E1, washa swichi bila kustati, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina shtaka. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, halafu mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ila msiiamini kuliko macho yenu. Siku ile kwa mwalimu ilipepesa mfululizo, kwa sababu sensa ilikuwa nzima. Ni mpira uliokuwa ukiidanganya.

Kompresheni, yaani nguvu ambayo silinda hubana hewa, ndiyo ya mwisho, na hapa nina ugomvi na vitabu. Kitabu cha injini ya 4A-FE, moja ya zinazofungwa kwenye Corolla hizi, kinataka 191 psi, na kwamba isishuke chini ya 142. Kijana anapima hapa kwetu, anapata 165 kwenye silinda zote nne, anamwambia mteja injini imechoka, ifunguliwe. Haijachoka. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi, kama asilimia 13 chini ya ile ya pwani. Kipimo kinashuka nayo. Geji ya vakyumu vivyo hivyo: zile inchi 17 hadi 22 za kitabu, hapa utoe karibu 4, na ukipanda Kabale kule milimani utoe zaidi. Linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikiwa 165 na moja 110, hiyo ndiyo mgonjwa. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye shimo lake, upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya kichwa. Betri iwe na chaji, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho wakati wa kustati, la sivyo namba zote ni uongo.

Throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, na valvu ya sailensi iliyo chini yake zisafisheni, zinashika masizi meusi na kila gari la zamani linayo. Petroli ya kwenye jerikeni, ikaguliwe maji.

Ukishamaliza, usimrudishie mwenye gari jioni ile ile, hata akikusihi. Injini ya moto huficha mengi. Mwambie aliache lilale. Kikumi ya mwalimu niliistati saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa baridi, nikawasha taa, feni, nikakata usukani mpaka mwisho kulia. Sailensi ikainama kidogo, ikajiinua. Nikazima, nikampigia simu.